Bega la Baba Zuhura: Mbio za Baiskeli kutoka Masasi hadi Newala

Mmeniuliza mmoja mmoja, kibandani, kisimani, hata nje ya kanisa, na kila mmoja nimempa kipande chake. Huyu nimemwambia nilipata kibarua Newala. Yule nimemwambia nilishikwa na malaria. Niliaga kwa siku nne nikarudi baada ya wiki saba, nimekonda, sina zawadi mkononi, na baiskeli yangu mwenyewe imelegea utadhani si ya fundi. Leo nimekaa niandike yote tangu nilipotoka mpaka niliporudi. Anayejua kusoma amsomee asiyejua.

Nanganga hadi Masasi

Habari za mbio mnazikumbuka, maana nilizitangaza mwenyewe. Zilikuwa siku za ruksa. Ushirika haukuwa tena peke yake kwenye ununuzi wa korosho, na mnunuzi mmoja binafsi aliyekuwa mgeni huku kwetu alitaka wakulima walijue jina lake kabla msimu haujafunguliwa. Akatangaza mbio za baiskeli kutoka Masasi hadi Newala. Wa kwanza angepata baiskeli ya gia, wa pili redio ya kaseti, wa tatu shati na kofia.

Mimi nimetengeneza baiskeli hapa Nanganga miaka kumi na moja. Hakuna baiskeli ya kijiji hiki ambayo sijaifungua. Na barabarani hakuna aliyewahi kuniacha. Nikajiambia, kama si mimi, nani?

Nilitoka alfajiri. Nilikuwa nimeing'arisha baiskeli mpaka spoku zinameta, nimeweka kengele mpya, dainamo inafanya kazi, na nyuma nimening'iniza kile kipande cha mpira cha kuzuia matope chenye maandishi MUNGU YUPO. Nilikwenda vizuri mpaka jua lilipopanda, nikamkuta mtu amesimama kando ya barabara, mama yake mzee amekaa chini. Alikuwa akimpeleka zahanati kwenye keria, na mnyororo wao ulikuwa umekatika.

Nilishuka. Sikufikiri hata kidogo. Nilitoa koleo na nyundo, nikatafuta jiwe la kugongea, nikapunguza pingili mbili na kuuunga mnyororo. Nikaona na gurudumu la nyuma limepinda, nikalinyoosha, maana mama yule alikuwa akirushwarushwa bure. Ilichukua kama saa nzima. Mama akafungua kitambaa akanipa ming'oko ya kuchemsha, ile mizizi ya porini, bado ina uvuguvugu.

"Unakwenda wapi, mwanangu?"

"Kwenye mbio za baiskeli, mama."

"Mnamkimbia nani?" akauliza.

Mwanawe alicheka, na mimi nikacheka. Nikaendelea na safari yangu mdomo umejaa ming'oko.

Masasi, siku moja kabla

Masasi ilinishangaza kabla mbio hazijanishangaza. Nilipofika mara ya mwisho, maduka yalikuwa na chumvi, viberiti na watu waliokaa mlangoni. Safari hii sabuni zilikuwa za rangi nne, redio zilipigana kelele duka kwa duka, na mitumba ilitandazwa chini kama mavuno. Nikanunua kaptura.

Kwenye uwanja tulikoambiwa tuandikishe majina nilikuta watu kama ishirini na kitu, na wote walikuwa wakizibomoa baiskeli zao. Nilidhani ni ajali. Mmoja anang'oa madigadi, mwingine anafungua keria, mwingine anatupa stendi. Kisha nikaona wote wananitazama mimi.

"Fundi," akasema mtu mmoja mrefu, mwembamba, mwenye fulana ya kijani, "unakwenda mbioni au unakwenda kuoa?"

Watu wakacheka. Niliona haya, nikataka kuondoka. Yeye akanifuata na spana. Alisema jina lake ni Issa Nandonde, wa Newala, lakini kwao wanamwita Baba Zuhura kwa jina la mtoto wake. Tukaanza kufungua pamoja: kengele, dainamo, taa, madigadi, keria. Kila kitu kilipotoka alikipima mkononi na kusema, "Hiki nacho ulitaka kukipandisha mlima?" Kile kipande cha mpira tu ndicho alichokisitia. Akakikunja akanipa nikitie mfukoni.

Mimi nikamlipa kwa kunyoosha ringi yake ya mbele. Nikamuuliza baiskeli ile inafanya kazi gani hata imechoka vile. Akasema anabeba maji. Kule juu Newala visima ni vya shida, na mabomba yakitoa leo hayatoi kesho. Yeye hushuka bondeni kila siku, hujaza madumu manne, hupanda nayo mlima, na kuyauza mitaani. Safari mbili kwa siku. Miaka sita.

Nikatazama miguu yake, nikaanza kuelewa kwamba Nanganga si dunia.

Jioni tulikula ugali na mbaazi kwa mama ntilie, na yeye akanifundisha jambo ambalo sikuwahi kulisikia katika miaka kumi na moja ya ufundi. Alisema anayekuchosha barabarani ni upepo. Aliye mbele anaupokea wote kifuani, aliye nyuma karibu kabisa anapita bure. Kwa hiyo wawili wakipeana zamu wanamshinda mmoja mwenye nguvu kuliko wao.

"Wewe una nguvu ila huna akili," akasema, bila ubaya. "Mimi nina akili, ila nguvu zangu ni za kupanda, si za tambarare. Tushikane. Zamu kwa zamu mpaka juu ya mlima. Utaiona mikorosho ya kwanza, barabara inalala. Hapo kila mtu na roho yake."

"Na kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo hakuna wa kumpita mwenzake."

Tukapeana mikono. Kisha akaniuliza Newala ningelala wapi. Nikasema sijui. Akasema, "Mke wangu atakuwa kwenye mstari wa mwisho. Ukifika kabla yangu mwambie mimi nimesema ulale kwetu."

Masasi hadi Lulindi

Nilidhani mbio ni kwenda kasi. Dakika ya kwanza tu mtu alinisukuma nyonga kwa goti. Dakika ya pili mwingine alinipiga kiwiko, na hakugeuka hata kuniomba radhi. Vumbi lilikuwa kama ukuta. Mbele yangu watu wawili walinasana magurudumu wakaanguka pamoja, na wa nyuma wakawapanda. Nilisikia chuma na nikasikia mtu akilia, sauti ya mtu mzima kabisa.

Nilishtuka hata nikakimbia. Nikaenda mbele peke yangu kama mwehu, nikasikia watu nyuma yangu wanashangilia. Nilijivuna. Kumbe hawakuwa watazamaji. Walikuwa washindani wenzangu, watu saba wamejipanga nyuma ya mgongo wangu, wananitumia kama kichaka cha kujificha upepo. Nilipochoka, walinipita wote saba kwa mara moja, na mmoja akanigonga begani kwa upole akasema, "Asante, kaka."

Nilikuwa nahema kama mbwa Issa aliponifikia.

"Fundi, rudi nyuma yangu. Usiseme kitu. Tazama gurudumu langu tu."

Nikafanya hivyo, na wallahi ilikuwa kama mtu amenifungulia mlango. Upepo ulikatika. Miguu ikapata pumzi. Baada ya muda akapunga mkono wa kushoto, nikapita mbele kuchukua zamu yangu, yeye akaingia nyuma. Tukaendelea hivyo, hatusemi. Tukavuka daraja la mto uliokuwa mchanga mtupu, tukawapata wale saba mmoja mmoja. Kila tuliyempata alijaribu kutung'ang'ania, akashindwa, akabaki.

Lulindi, mbele ya misheni, watu walikuwa wamejaa kandokando. Mama mmoja mwenye gauni jeupe la kazi alikuwa akigawa machungwa yaliyokatwa. Nikapokea kipande nikakila na ganda lake. Issa akauliza wangapi wametangulia.

"Mmoja tu," akasema yule mama. "Mwalimu kutoka Mtwara. Ana baiskeli ya gia tayari."

Issa akanitazama akatabasamu. "Huyo hatumpati. Ana gia anaongezewa gia. Redio ni yetu sisi wawili."

Mlimani

Mlima unauona mapema sana. Unakaa mbele yako kama ukingo wa meza, na huamini kwamba barabara inapita hapo. Jua lilikuwa kichwani. Chupa yangu ya maji ilikwisha zamani.

Kwenye kona ya kwanza tukamkuta mwanamke amesimama kivulini na ndoo kichwani. Nikaomba maji. Akaitua ndoo, akachota kwa kata, akanipa. Nikanywa nusu. Nusu iliyobaki nikajimwagia kichwani, kama tunavyofanya sisi huku tukitoka shambani.

Yule mwanamke alinitazama kama mtu aliyemwona mwenziwe anachoma nguo. Akajitwisha ndoo yake akaondoka.

"Umefanya nini?" Issa akauliza. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia sauti kali.

"Nimejipoza."

"Yule ametoka alfajiri. Maji yale ni ya watu sita mpaka kesho."

Niligeuka nimwombe radhi, lakini alikuwa amekwisha kuingia njia ya miguu. Nikapanda nikiona aibu, maji yakinichuruzika shingoni.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo nilipokuwa nawaficha.

Issa alipanda ule mlima kama mtu anayetembea kwao. Hakukimbia wala hakusimama. Mimi nilikuwa nyuma yake, na kwa jinsi alivyonibeba kwenye upepo tangu Masasi, miguu yangu ilikuwa bado ina kitu. Kadiri tulivyopanda ndivyo nilivyosikia nguvu zinarudi. Barabara ilikuwa mchanga mtupu pande zote, isipokuwa katikati palikuwa na ukanda mgumu, mpana kama viganja viwili, na kila baiskeli ilibidi ipite hapo. Ilikuwa zamu yake mbele.

Nikainua macho nikaiona mikorosho. Haikuwa mbali. Labda kona moja na nusu.

Nikafikiri: tukifika pale pamoja, naye anaijua njia ya kwao, atanishinda. Nikafikiri redio. Nikafikiri nitakavyoingia nayo Nanganga begani, inaimba. Nawaambia kweli, sikumfikiria Issa kabisa. Alikuwa gurudumu tu.

Nikajivuta nimpite kwenye ukanda ule ule usiotosha wawili. Gurudumu langu la mbele likaingia ubavuni mwa gurudumu lake la nyuma. Likakwaruza, trrr, kama kipande cha bati. Baiskeli yake ikakata kulia, yeye akarushwa kushoto, akaangukia bega kwenye mfereji wa mawe. Mimi nilitetereka, mguu ukagusa mchanga, nikasimama wima tena.

Niligeuka. Nilimwona amekaa, mkono mmoja umeshika bega, kichwa kimeinama. Hakuniita.

Nami nikakanyaga pedeli.

Nimejiuliza mara nyingi ni nani yule aliyekanyaga. Mtu aliyesimama saa nzima kwa ajili ya mnyororo wa watu asiowajua, jana yake tu. Niliipita mikorosho ya kwanza nikilia kwa uchungu wa mapafu, na moyoni nikajiambia: amekaa, basi hajafa.

Newala, mstari wa mwisho

Watu walipiga vigelegele. Nilikuwa wa pili. Mnunuzi wa korosho, mtu mnene mwenye miwani ya jua, alinikabidhi redio mbele ya watu, ikawashwa hapo hapo, ikaimba. Nikapigwa mgongoni mpaka nikakohoa.

Mwanamke mmoja mwenye kanga nyekundu, ameshika mkono wa mtoto wa kike, akasogea.

"Shikamoo shemeji, samahani," akasema. Alikuwa rika langu, ila alinisalimu kwa heshima ya ugeni. "Hujamwona mume wangu? Mwenye fulana ya kijani."

"Marahaba. Yuko nyuma."

"Nyuma?" Akautazama mlima. "Kwenye mlima huu hajawahi kuwa nyuma."

Redio ilikuwa inaimba mikononi mwangu na sikujua inazimwa wapi.

Gari la wenye mbio, pikapu ndogo, lilifika baada ya muda likiwa limewabeba waliokwama. Issa alikuwa amelala nyuma juu ya baiskeli mbili, mkono umefungwa kifuani kwa kipande cha nguo, uso umekuwa wa rangi ya majivu. Mkewe aliachia mkono wa mtoto. Nilidhani Issa akiniona atanionyesha kidole. Nilikuwa nimekwisha kujiandaa kukana.

Akaniona. Akasema kwa shida, "Mama Zuhura, huyu ndiye fundi wa Nanganga, mgeni wetu. Mpokee. Mimi nimekanyaga mzizi."

Hakuwa anaficha. Hakujua. Alianguka ghafla, akapigwa na mawe, na kichwani mwake palibaki mzizi.

Nyumbani kwa Baba Zuhura

Hospitali walisema mfupa wa mtulinga umevunjika. Wakamfunga bandeji begani na kifuani, wakamwambia asiinue kitu wiki sita. Tukarudi naye nyumbani polepole.

Jioni ile Mama Zuhura aliniwekea maji ya kuoga bafuni. Ndoo nzima. Niliingia nikaikuta, nikasimama nayo kama niliyewekewa damu. Nilichovya kitambaa nikajifuta vumbi, nikairudisha ndoo ikiwa karibu imejaa. Yeye akadhani maji ni machafu, akasikitika, akaomba radhi. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

Kesho yake asubuhi walikuja wabeba maji wenzake kumpa pole. Walikaa uani, wakampa pole vizuri, kisha wakaanza kucheka.

"Mzizi gani huo, Baba Zuhura? Miaka sita unapanda na madumu manne, unakuja kuanguka mikono mitupu?"

"Labda alikuwa anawatazama waliokuja kushangilia," mwingine akasema.

Issa alicheka nao. Lakini walipoondoka alinigeukia macho yamezama.

"Fundi, ule mzizi mimi siukumbuki. Kila siku napita pale. Uliuona wewe?"

"Sikuuona," nikasema. Na hilo lilikuwa kweli.

Siku ya pili mtaani walikuwa wamekwisha kumpa jina. Mtoto wake alirudi kutoka kucheza akauliza, "Baba, Mzizi ni nani?" Nilimwona yule mtu mrefu akijikunja pale kitandani, na nikajua kwamba bega halikuwa kitu pekee nilichokivunja.

Mchana Mama Zuhura alituandalia ugali na kisamvu, mimi na mumewe, sahani moja. Nikanawa. Nikakata tonge, nikalishika, halikwenda.

"Hukuanguka kwa mzizi," nikasema. "Ni mimi. Gurudumu langu liliingia kwako."

Issa aliacha kutafuna. "Ulinigusa kwa bahati mbaya, au ulikuwa unapita?"

"Nilikuwa napita."

"Kabla ya mikorosho."

"Kabla ya mikorosho."

"Uligeuka?"

"Niligeuka."

"Ukaniona nimekaa."

"Nilikuona."

Mama Zuhura alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha maji ya kunywa mkononi. Akaja, akainama, akaivuta ile sahani kutoka mbele yangu, akaiweka upande wa mumewe peke yake. Hakuisukuma kwa hasira. Aliiondoa tu, kama mtu anayeondoa chombo kisicho na mwenyewe. Nimezaliwa, nimelelewa, nimefiwa, lakini sijawahi kuondolewa chakula mbele yangu. Nilibaki na tonge mkononi, sijui niliweke wapi.

Issa akanawa, akasema, "Nisaidie nisimame."

Nilimsaidia. Akavaa kandambili, akanitangulia barabarani na mkono wake umefungwa, mpaka pale wabeba maji wanapokusanyika na baiskeli zao. Akawaambia wanyamaze, akaniambia niseme. Nikasema yote, kama nilivyowaambia nyinyi sasa, na sikupunguza. Mmoja wao alitema mate karibu na mguu wangu. Issa alinyoosha shingo yake ndefu akawatazama mmoja baada ya mwingine.

"Basi msiniite Mzizi," akasema.

Nilidhani atafurahi kunipiga, au atanifukuza. Kumbe kilichokuwa kinamuuma zaidi siku zile mbili ni kudhani kwamba mlima umemshinda.

Nilichukua redio nikampelekea karani wa yule mnunuzi wa korosho. Nikamweleza nilivyoipata, nikataka niirudishe. Karani alinisikiliza mpaka mwisho, akacheka mpaka akafuta machozi. "Bwana, mbio ndivyo zilivyo. Tajiri amekwisha kuondoka. Nenda kasikilize muziki." Nilitoka pale nimepigwa na butwaa kuliko nilipoingia. Nilikuwa nimetegemea mtu mwenye cheo aniambie nimekosa.

Nilipofika nyumbani Mama Zuhura alikuwa uani, anatazama madumu matupu yamepangwa ukutani.

"Maji ya wateja kesho atayaleta nani?" akauliza. Hakuniuliza mimi hasa. Aliyauliza madumu.

"Nitayaleta mimi," nikasema.

Bondeni na kurudi

Siku ya kwanza nilimwaga yote.

Kushuka peke yake ni vita. Breki za vyuma zinapata moto, unabana tairi kwa soli ya kiatu. Chini bondeni kuna foleni, na wanawake wengi pale walikuwa wamekwisha kusikia habari zangu. Hawakunitukana. Walinipisha, kama mnavyompisha mtu mwenye ugonjwa. Nikajaza manne, nikayafunga kwa mpira kwenye keria ya Issa niliyoipachika kwenye baiskeli yangu, nikaanza kusukuma. Kwenye kona ya pili mzigo ukalala upande mmoja, baiskeli ikanishinda, madumu mawili yakapasuka na mawili yakafunguka. Mchanga uliyanywa kabla sijainama. Mwanamke mmoja mwenye ndoo alinipita akiwa na mimba kubwa.

Nilirudi chini. Nilifika juu karibu na magharibi na madumu mawili yaliyokuwa nusu. Mama Zuhura aliyapokea, akayapima kwa macho, akaenda kuwaeleza wateja.

Mimi niliyekuwa najiita fundi nilijifunza baiskeli upya. Nilijifunza kufunga mzigo chini usipande juu, kulegeza upepo wa tairi ya nyuma kwenye mchanga, na kupumzika kabla hujachoka. Issa alinifundisha akiwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, kwa maneno machache na makavu. Hakunichekea tena kama alivyonichekea Masasi. Nilikuwa nataka sana anichekee.

Wiki ya pili nilifikisha manne. Wiki ya tatu nikafanya safari mbili kwa siku. Siku hiyo jioni Mama Zuhura aliniita "shemeji" kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya mbio, na akaniwekea chakula kwenye sahani ya mumewe. Nilikula nikiwa nimeinamisha kichwa nisionekane.

Mara moja nilimwona yule mwanamke wa kona ya kwanza, yule wa kata. Nilimsimamisha nikataka kumjazia ndoo yake. Akanitazama, hakunikumbuka, akasema, "Asante baba, yangu imejaa," akapita. Sikupata nafasi nyingine.

Kushuka kwa njia ya Chiwata

Wiki sita zilipokwisha walimfungua bandeji. Mfupa ulikuwa umeunga, lakini umeunga kwa nundu, na bega moja likawa chini kuliko jingine. Alijaribu madumu mawili uani. Akayainua. Alipojaribu manne, uso wake ulibadilika akayashusha. Alisema ataanza na mawili, na huenda ikawa mawili siku zote. Nilitaka kusema neno, akainua mkono.

Redio niliiacha juu ya kabati lao. Hawakuiomba na hawakuikataa. Kwa muda wote niliokaa haikuwashwa.

Asubuhi ya kuondoka Issa alinisindikiza kwa miguu mpaka ukingoni, penye njia ya kushukia Chiwata, maana nilitaka kurudi huku nyumbani kwa njia fupi. Nilimuuliza kama amenisamehe. Alifikiri.

"Sijui," akasema. "Umeleta maji vizuri. Lakini nikilalia bega hili nakukumbuka, na si kwa wema. Labda litakapoacha kuuma."

"Nifanye nini zaidi?"

"Huko kwenu watakuuliza. Usiwaambie nilianguka. Waambie uliniangusha."

Nikamwahidi. Nilishuka kwa uangalifu, nikapita Chiwata. Watu waliokuwa wakifagia chini ya mikorosho yao wakijiandaa kwa msimu walinipungia mikono. Mmoja alinisimamisha. "Si wewe ulikuwa wa pili kwenye zile mbio?"

"Wa pili alikuwa Issa Nandonde wa Newala," nikamwambia. "Mimi nilimwangusha."

Alinitazama, akarudi kwenye ufagio wake. Ilikuwa rahisi, kwa mtu nisiyemjua.

Kisha nikafika hapa Nanganga, wa kwanza kuniuliza alikuwa mdogo wangu, na mdomo wangu ukasema malaria. Nilishtuka kuusikia. Wiki sita za maji, ahadi niliyoitoa ukingoni asubuhi ile ile, na bado mdomo ulikimbia kama miguu ilivyokimbia. Siku kumi nimewadanganya nyote, mmoja baada ya mwingine, huku nikiwanyooshea ringi zenu.

Kwa hiyo msimwambie mtu kwamba Issa Nandonde wa Newala alianguka mlimani. Alikuwa mbele yangu, kwenye zamu yake, na mimi nilimwangusha, nikageuka, nikamwona, nikaenda.